Scrabble kwa Kiswahili: K moja, A tisa na watu wawili

Jambo la kwanza tuliloligundua siku tulipofungua boksi la Scrabble, mchezo wa kupanga vipande vya herufi ubaoni viwe maneno yenye pointi, ni kwamba neno "kaka" haliandikiki. Herufi ziko 100, zimejaa kifuko kizima, lakini K ni moja. Ukitaka kuandika kaka, kuku au kiko, sharti uotee kimoja cha vile vipande viwili vitupu vinavyoweza kusimama badala ya herufi yoyote. "Dada" huandikwa bila jasho, maana D ziko nne. Rafiki yangu huniita kaka tangu tulipofahamiana, nami humwita hivyo hivyo. Alikishika kile kipande cha K kati ya vidole viwili, akakigeuza kama anayetafuta nyingine nyuma yake, kisha akasema, "Kwa hiyo humu mmoja wetu hayupo."

Hiyo ni miaka sita iliyopita. Tangu hapo tumejaza madaftari mawili na la tatu limefika katikati, kwa hiyo nadhani nina haki ya kuutolea mchezo huu maoni, tena maoni ya mtu aliyeshindwa mara nyingi kuliko alivyoshinda. Kufikia mchezo wa mwisho yeye ana 212, mimi 198. Wale wanaosema mchezo ni mchezo tu hawajawahi kuangalia namba kama hizo zikiandikwa taratibu na mkono wa mwenzao.

Nianze na vitu vinavyoshikika, maana wengine mnataka kujua bidhaa tu, hamkuja kusikiliza habari zangu. Boksi langu ni la nakala. Kiwanda hakikuandika hata jina lake, na nikitazama kazi yake naona kilifanya busara. Ubao ni sahihi, viraba 15 kwa 15, na rangi za kuongeza pointi ziko mahali pake. Lakini ubao ni bapa kabisa, hauna vile vijiukingo vinavyozuia herufi kuteleza. Mtu akigonga meza kwa goti, mchezo wa saa nzima unakuwa mchanga. Nimesema goti. Sitasema la nani, wala nani alikuwa nyuma kwa pointi 40 siku hiyo. Wino wa herufi za pointi moja umeanza kufifia, na kitambaa cha kifuko ni chembamba kiasi kwamba ukikiinua kuelekea taa unaona kilichomo. Rafiki yangu ndiye aliyeligundua hilo, na alikaa nalo wiki mbili kabla ya kuniambia. Kama unanunua, nunua wenye vijiukingo, na kifuko shona mwenyewe.

Ubao unakaa kwangu, daftari linakaa kwake. Utaratibu huo tuliuweka mapema, kwa sababu hakuna aliyekuwa tayari kumwachia mwenzake vyote viwili.

Sasa herufi. Tatizo la herufi si kosa la kiwanda changu, limo kwenye mchezo wenyewe. Aliyeubuni, Alfred Butts, alikuwa msanifu majengo Mmarekani aliyepoteza kazi uchumi ulipoporomoka miaka ya 1930. Alikaa na kurasa za mbele za gazeti la New York Times akihesabu kila herufi inajitokeza mara ngapi, na kutokana na hesabu hiyo akagawa idadi na pointi: zinazoonekana sana zikawa nyingi na rahisi, zinazoonekana kwa nadra zikawa chache na ghali. Mwaka 1948 James Brunot akaupa mchezo jina la Scrabble. Hesabu ya Butts ni nzuri mno, ila aliyehesabiwa ni Kiingereza. Ndiyo maana E ziko 12 na A ziko 9. Q na X zipo, za pointi 10 na 8, na kwetu hazina pa kwenda. S ziko nne tu, kwa kuwa Kiingereza hubandika S mwishoni kupata wingi na Butts hakutaka watu waponee hapo. Wingi wetu huanzia mbele, kiti viti, kwa hiyo S kwetu ni herufi kama nyingine. Na M? Mbili. W? Mbili. Lugha ya "mtu" na "watu" imepewa M mbili na W mbili!

Matokeo yake yanachekesha ukiyatazama kwa utulivu. Ukiandika "mimi" umemaliza M zote za mchezo na umejipatia 8. Ukiandika "wewe" umemaliza W zote, unapata 10. "Sisi" ni 4. "Adui" ni 5 na "rafiki" ni 13, lakini kwa rafiki lazima uwe na ile K. Siku niliyoanza kuyatafakari hayo kwa sauti, rafiki yangu aliniomba nisihubiri. Butts alikuwa akihesabu gazeti, alisema, hakuwa akitufikiria sisi.

Tulifanya marekebisho. Q na X tulizifunika kwa karatasi ya gundi tukaandika K, na E mbili tukazigeuza kuwa A. Pointi za K tuliziacha 5 kama zilivyokuwa, kwa tamaa tu, kila mmoja akiamini ndiye atakayezipata. Mtu makini angehesabu upya herufi zote kwa kutumia magazeti ya Kiswahili na kutengeneza mgawo mpya. Tuliahidiana kufanya kazi hiyo. Bado tunaahidiana.

Lakini swali gumu kuliko yote halimo kwenye boksi, nalo ni hili: neno ni nini? Kwa Kiingereza unafungua kamusi, ugomvi unaisha. Sisi tulianza na Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1981, na ndani ya siku moja tukaona haitatufikisha. Kamusi inakupa kitenzi kikiwa uchi. Inakupa "penda". Haikupi "nimempenda", "asingekupenda" wala "wanapendana", na hayo ndiyo maneno watu wanayoyasema. Tukifuata kamusi, nusu ya lugha inabaki mlangoni. Tukiiacha, mtu anaweza kuweka sentensi nzima na kusema ni neno moja, na atakuwa sahihi.

Ilitokea mwezi wa kwanza. Niliweka PENDA. Zamu iliyofuata yeye hakuigusa, akacheza upande mwingine, nami nikaongeza NA, ikawa PENDANA. Nikajiona bingwa. Yeye akanyamaza, akavipanga vipande vyake sita kimoja kimoja mbele ya neno langu: H, A, T, U, K, U.

HATUKUPENDANA.

Herufi 13, na bila kiraba hata kimoja cha rangi ni pointi 23. Nilipinga. Nikasema hiyo si neno, ni malalamiko. Akaniuliza, "Umelielewa?" Nikasema nimelielewa. "Ulihitaji kupumua katikati?" Hapana. Hapo ndipo ilipozaliwa kanuni tunayoitumia hadi leo: neno ni lile linalotamkwa kwa mkupuo mmoja na mwenzako akalielewa bila kuelezwa. Ninaipenda kanuni hii na ninaichukia. Maana yake ni kwamba mwamuzi wako ni mpinzani wako. Pointi zako ziko mikononi mwa mtu ambaye faida yake ni kukuambia hajaelewa. Nimewahi kumwona usoni akinielewa kabisa, macho yamecheka, halafu mdomo ukasema, "Hilo mimi silijui, kaka." Kwa upande wangu nimefanya hivyo mara nyingi zaidi, na sioni sababu ya kuwaficha. Kwa watu wasioaminiana hata kidogo mchezo huu kwa Kiswahili hauchezeki, na kwa wanaoaminiana sana nao hauchezeki, kwa sababu hakuna atakayepinga kitu.

Tunachobishana zaidi ya yote ni maana. Yeye anasema ubaoni maneno hayana maana, yana pointi. Ushahidi wake ni Nigel Richards wa New Zealand, ambaye mwaka 2015 alitwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa bila kukizungumza Kifaransa. Alizikariri orodha za maneno kwa wiki chache tu, akaingia, akawashinda wenye lugha yao. Mwaka 2024 akafanya yale yale kwa Kihispania. Rafiki yangu akitaja habari hiyo sauti yake hushuka kwa heshima. Kwake huyo ndiye mchezaji safi: hadanganywi na uzuri wa neno, hawekei neno huruma. Nami humjibu kwamba mtu huyo anaweza kuweka ubaoni neno la Kifaransa la pole kwa pointi nyingi na asiweze kumpa mtu pole. Hapo hunitazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi aliyejibu swali lingine.

Ana mchezo unaofanana na itikadi yake. Hacheleweshi. Huvuta herufi, huzitazama mara moja, huweka. Mimi ni wa kupangapanga. Najikuta nimeshika herufi mbaya kwa zamu nne nikisubiri ziwe neno zuri, huku yeye anaokota pointi 14 hapa, 16 pale, kwa vineno kama "hewa" na "choo". Madaftari yanaonyesha nani ana akili.

Neno langu kubwa kuliko yote niliwahi kuliweka nikifungua mchezo, mwaka wa tatu. Nilichota herufi saba na zikawa zote ni HONGERA. Sikuzipanga hata, zilijipanga. Nikaiweka H kwenye kiraba cha kuongeza herufi mara mbili, neno likapita juu ya nyota ya katikati: 15 mara mbili 30, na bonasi ya 50 kwa kumaliza herufi zote saba. Pointi 80 kabla mwenzangu hajagusa chochote. Aliliangalia, akaniambia, "Asante, lakini sijafanya kitu."

Naitaja siku hiyo kwa sababu ya siku nyingine. Sote wawili tunaishi kwa kuhariri maandishi ya watu. Mwaka juzi ilitangazwa nafasi moja ya kazi na wote tukaiomba, hatukufichana, tukasomeana mpaka barua za maombi. Yangu alinifutia mkato mmoja ambao nakiri haukuwa na kazi pale. Alipokuja na jibu, ubao ulikuwa tayari mezani na kifuko kimetikiswa. Akasema amepata.

Nikasema, "Wamekupa wewe?"

Nimehariri sentensi za watu kwa miaka mingi, kwa hiyo hii nimeihariri mara nyingi sana. Ingeishia kwenye "wamekupa" ingekuwa swali la kawaida, hata la furaha. Kiswahili kilikuwa kimeshamtaja ndani ya ile "ku". "Wewe" lilikuwa la ziada, na ziada ndiyo iliyomfikia. Ubaoni unaruhusiwa kukirudisha kipande maadamu zamu yako haijaisha. Mdomo hauna kanuni hiyo.

Akasema, "Ndiyo. Mimi."

Akachukua daftari lake, akaondoka. Miezi minne. Tulisalimiana kwa simu mara mbili kwa mambo ya watu wengine, salamu zilizonyooka kama barua za ofisi. Hongera niliyoiweka kwa pointi 80 haikutoka kinywani kwa bure. Nilijaribu kuiandika. Kila nilipoituma kichwani ilifika kwake ikiwa imechelewa na imeandamana na maelezo, na hongera yenye maelezo ni kesi.

Ubao ukakaa kwangu bila daftari. Niliwahi kucheza peke yangu, mkono wa kulia dhidi ya wa kushoto, na naomba mtu asijaribu. Unajua herufi za pande zote mbili, hakuna wa kumdanganya, na hakuna anayekuambia hajaelewa.

Alikuja siku isiyo na sababu, daftari kwapani. Hakusema amepita tu wala alikuwa karibu. Alikaa kwenye kiti chake, akalifungua ukurasa mpya, akachora mstari wa katikati, akauliza, "Zamu ya nani kuanza?"

Ilikuwa yake. Tukacheza karibu saa mbili bila kuzungumza kitu kingine zaidi ya namba. Hakupinga neno langu hata moja, nami sikupinga lake, na kwa sisi hiyo ilikuwa dalili mbaya kuliko matusi. Hadi zilipobaki herufi chache. Mimi nilikuwa na 301. Nikachota za mwisho kifukoni, nikazisimamisha kwenye kibao changu, nikazitazama: S, A, M, A, H, N, I.

Samahani ina herufi nane. Kibao hushika saba. Huwezi kuiweka peke yako kwa vyovyote vile, lazima moja iwe imeshawekwa ubaoni, na inayokosekana kwangu ilikuwa A. Ilikuwepo. Upande wa kushoto, juu kidogo, kwenye neno alilokuwa ameliweka yeye mapema kuelekea chini, A yenye nafasi tupu kushoto na kulia, imekalia kiraba cha rangi kilichokwisha kutumika. Nikazipanga kwenye kibao: S, A, M, nikaacha pengo, kisha H, nikaazima A yangu ya pili, N, I. Pengo lilienea A moja kamili. Sitawadanganya kwamba nilifikiria pointi. Kwa mara ya kwanza tangu tuanze kucheza sikuzijumlisha.

Katika kupangapanga huko zamu yangu moja ilikuwa imeshapita bure, na sasa ilikuwa yake. Alikuwa amebakiwa na vipande vitatu. Akavichukua vyote kwa mkupuo, L, I, P, akaviegemeza kushoto mwa ile A.

LIPA. Pointi 6. Kibao chake kitupu, kifuko kitupu, mchezo umekwisha.

Nilikaa nikilitazama neno hilo kwa muda ambao sasa naona aibu kuutaja. Kisha nikajikumbusha kwamba alikuwa na L, I na P mbele ya A. Angeandika nini kingine?

Kwa wasioujua mchezo: mmoja akimaliza herufi zake, yule mwingine huhesabu zilizombakia, hukatwa pointi hizo, na mwenzake huongezewa. Herufi usizoziweka unazilipia, na anayelipwa ni aliyekutangulia kumaliza. Kwa kawaida kila mtu hutaja zake mwenyewe, lakini mimi nilichelewa, kwa hiyo akanyoosha mkono akakigeuza kibao changu kimwelekee. Akahesabu kwa ncha ya kalamu, kipande kimoja kimoja, kutoka kushoto. Alipofika kwenye pengo kalamu ilisimama.

"Kumi na mbili," alisema.

Akanikata, nikabaki na 289. Akajiongezea, akafika 330. Kisha akarudi kwenye kibao, akakitazama tena, akatazama ubao.

"Ungeiweka wapi?"

Nikamwonyesha ile A kwa kidole. Akanyamaza. Midomo yake ilikuwa ikitembea kidogo, kama afanyavyo akijumlisha.

"Kumi na tatu, na bonasi hamsini. Sitini na tatu." Akafunga kalamu. "Ungenishinda, kaka."

Nikamwambia kipande cha H kimeanza kufifia, ni vizuri tukizipaka wino upya kabla ya Jumamosi. Akasema ataleta kalamu yenye ncha nyembamba, zangu zote nene.

Naupa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya K.